Kabla Mate Hayajakauka

…moja tu, ile honi, moja ndefu usiku wa manane, kama ng'ombe anayemwita ndama asiyemwona, halafu kimya, na Mwandu hakugeuza hata ubavu, alilala vilevile macho kwenye bati, akafikiri, garimoshi limefika, akafikiri, basi mafuta ya taa yamefika, akafikiri, basi chupa, na hapo fikra zikasimama kama zimegota ukuta, na sasa ni asubuhi, jua limeshapanda juu ya mapaa ya Shanwe, naye amesimama mbele ya duka la Natalia katikati ya wanawake wengine, mikono ndani ya kanga, na akiulizwa nani kamleta atasema miguu, miguu tu, imekuja yenyewe kama punda anayejua njia ya kisimani, wiki tano haijakanyaga hapa na leo imekanyaga, ajabu, wala haiumi, hakuna kinachouma, ndani yake pamekaa kama chungu kilichoepuliwa, si moto, si baridi, kipo tu.

Duka hili liko hatua hamsini na mbili kutoka mlangoni kwake, mtu mdogo alizihesabu zamani, akirudi na kiberiti mkononi akihema, hamsini na mbili nikitembea, thelathini nikikimbia, lakini wiki tano hizi Mwandu amelipita akitazama upande wa pili, akavuka reli, akaenda hadi kwa Kasimiri, nusu saa kwenda na nusu saa kurudi, kwa chumvi ya kuchota na vidole viwili, kwa kipande cha sabuni, na majirani wakasema, mwenzetu siku hizi ananunua ng'ambo, kwa Kasimiri kuna nini, kuna sukari isiyokwisha utamu? wala haipo, chumvi ya Kasimiri ina mchanga, sabuni yake ya mche anaikata kwa kisu butu hadi vipande vinatoka kimoja kinene kimoja chembamba na chembamba ndicho chako, dagaa wake wa Ikola anawapima kwa kopo ambalo kitako chake kimebonyezwa ndani, kila mtu anajua, nyongeza hatoi hata ya kumdanganya mtoto, lakini Kasimiri hana maneno, Kasimiri anasema, "Mama, nikupe nini?" basi, mama, kama anavyowaambia wanawake wote wa dunia, mama isiyo na kitu nyuma yake, unachukua, unaondoka, unarudi ulivyokwenda, na duka la namna hiyo, kwa mtu kama yeye, kwa sasa, ni duka zuri kuliko yote Mpanda…

"Ya nani?" Natalia anauliza. "Ya Scolastica!" "Shika, funga vizuri, usije ukamwagia mchele wa watu." Hivyo ndivyo wanavyofanya hapa, mafuta yanapoadimika foleni si ya watu, ni ya chupa, unaleta chupa yako unaipanga kwenye ubao nyuma ya Natalia, imezibwa kwa gunzi, imebandikwa kipande cha karatasi kwa ugali wa moto, jina lako juu yake, unarudi nyumbani ukalime, siku pipa likifika Natalia anajaza moja baada ya nyingine kwa kufuata ubao, anainua chupa, anafunika karatasi kwa kiganja, anauliza ya nani, na mwenyewe anataja jina lililoandikwa, kwa sababu mwaka juzi wawili walinyang'anyana chupa ya mbele hadi mmoja akabaki na gagulo, tangu hapo ndiyo sheria, taja jina uchukue, na isiyotajwa hurudishwa chini, karatasi huloweshwa ikabanduka, chupa ikaoshwa ikatiwa asali ikauzwa, na ile ya saba, ya kahawia, yenye gunzi refu kupita kiasi kama kofia ya bwana harusi, imesimama palepale ilipowekwa, vumbi mabegani.

Hatazami, anaiona bila kutazama, karatasi ya daftari la mistari, herufi nane za kalamu ya risasi, ya tano imegeuka, imeangalia ilikotoka, mwalimu wa darasa la pili alikuwa anaisahihisha kila siku na kila siku inarudi kugeuka, Mwandu anaweza kuzisoma, alikwenda kisomo cha watu wazima miaka miwili, lakini kusoma kwa macho si kutaja, macho hayana ulimi, macho yanaruhusiwa… jina lile ni la mama mkwe, la bibi aliye hai hadi leo kule kwenye ng'ombe zake, jina la aliyezaliwa mwaka wa njaa, na kwao, kwa watu waliokuja huku kutoka kaskazini wakiswaga mifugo, mke hamtaji mkwe wake, hamtaji kabisa, hata akiota, hata neno la kwao la njaa ambalo limo ndani ya jina hilo Mwandu hulikwepa, akishikwa na njaa husema tumbo limelala, wala hakuona tabu, alikuwa ameolewa miaka mitatu mdomo umeshazoea kona zake, hadi alipojifungua, na Elia mumewe akaingia na uso unaong'aa akasema, mtoto tumempa jina la mama, akamtazama Mwandu kama aliyemletea zawadi, na ilikuwa zawadi, kila mtu alisema ni zawadi, watu wote wakamwita mtoto jina lake na Mwandu peke yake akamwita Mayu, ndiyo kusema mama, Mayu njoo, Mayu oga, Mayu usichezee jivu, miaka minane.

"Ya nani? Mbona imenuka gongo hii?" "Ya Baba Cletus!" "Mwambie Baba Cletus taa haziwashwi kwa alichoacha humu ndani," wanawake wanacheka, na mke wa mwalimu mgeni, yule Specioza aliyehamia juzi kutoka Karema na mizigo yake bado iko kwenye makarai, anacheka kuliko wote, "Nyie watu wa Shanwe, wiki tano kwenye giza kama popo, mimi ningekwisha mwaga machozi hapa mlangoni," na mtu anamwambia, reli ilikatwa na mvua, dada, tungefanyaje, tumekula jioni na jua, na Mwandu anafikiri ni kweli, wiki tano giza, hakuligundua, alikaa ndani yake kama mtu anavyokaa ndani ya nguo, Elia akiuliza kibatari kiko wapi alisema hakina mafuta, akisema wangetafuta hata ya bei mbaya alisema ya nini, tunajuana…

…zamani alikuwa na kipimo chake cha duka, hakikuwa mizani, hakikuwa bei, duka zuri ni lile unalotema mate chini ukamwambia mtoto, nenda, mate haya yasikauke hujarudi, naye akarudi hayajakauka, hilo ndilo duka, mengine yote ni masoko, na ndiyo maana alikuwa mtu wa Natalia, akibishana na wenzake kisimani, Natalia sukari yake kavu, Natalia mkono wake mwepesi, anaongeza dagaa wawili watatu juu ya kopo, Natalia kwake mtoto hapunjwi, unamtuma mwenye miaka sita anarudi na haki yake kama kaenda mtu mzima, na kila alipokwenda mwenyewe Natalia alimpokea kwa sauti toka ndani, karibu, Mama, na nyuma ya Mama jina la mtoto, zima, herufi zote nane, kama anayemwaga maji kwenye beseni, na Mwandu akaitikia abee, akaitikia jina asiloweza kulisema, akafurahi, ndiyo, alifurahi kulisikia kwenye mdomo wa mwingine, kama mtu asiyekunywa maziwa anayependa kuona wengine wakinywa.

Na mtoto aliuliza, mara moja tu, wanachambua maharage, "Mama, kwa nini wewe huniiti jina langu?" akamjibu ukikua utaelewa, akasema, "Basi nikikua uniite," akaendelea na maharage… na siku ile alitema mate karibu na jiwe la kufulia, mchana, akamwambia Mayu peleka chupa kwenye ubao kwa Natalia, andika vizuri, nenda, yasikauke, akarudi hayajakauka, mikono mitupu, akasema, nimeipanga mama, ya saba, halafu akasema kichwa kinaniuma, kwa sauti ileile, kama habari mbili zinazolingana… siku tatu za homa, dawa, maji, kitambaa, dawa, usiku wa tatu mwanamke mmoja mzee wa jirani akasema anaenda mbali huyu, mwite, mama ndiye anayeita, mwite kwa jina lake, mtu akienda mbali hurudishwa kwa jina, na Mwandu akainama akaita Mayu, Mayu, Mayu, kwenye sikio lile dogo la moto, na jina lenyewe lilikuwepo, lilikuwa juu ya ulimi kama kidonge, na mlangoni, kivulini, kwenye kiti cha heshima, alikaa mwenyewe, mama mkwe, kaletwa jioni ile kwa baiskeli, na ulimi wa Mwandu ukajikunja, ukafanya kona yake ya siku zote, Mayu, na ni Natalia, Natalia wa dukani aliyeshika taa, ndiye aliyeita, mara mbili, kwa sauti ya karibu-Mama, na mtoto akageuza shingo, Mwandu aliona, akageuza kidogo kuelekea kwa Natalia, na hakugeuka tena.

Basi hiyo ndiyo ng'ambo ya reli, hiyo ndiyo chumvi yenye mchanga, mkiuliza… na mama mkwe makaburini alisema jina langu limetangulia, akajifunika, na tangu siku ile hakuna aliyelitamka, watu wema, waliambizana, tusimchome, wanamwita mama tu, hata Elia amesahau kuita anasema wewe, na Mwandu anajiona kama chupa iliyobanduliwa karatasi, safi, ya kutiwa chochote…

"Ya nani?" "Ya Libérate!" hiyo ni ya sita. Mkono wa Natalia unakwenda pembeni, unasimama, unashika ile ya kahawia shingoni, taratibu, kama mtu anavyoshika kuku anayelala, mpira unaingizwa, mafuta yanapanda ndani ya kahawia, kifuani, begani, gunzi refu linarudishwa, na Natalia anageuka, anamwona, bila shaka alishamwona tangu mwanzo, kiganja hakifuniki karatasi, haulizi lile swali lake, ananyoosha mkono juu ya meza, anasema chini chini, "Chukua tu, mama." Chukua tu. Rahisi. Mkono wa Mwandu umekwisha toka kwenye kanga, vidole vimefika nusu ya njia, achukue aende hatua hamsini na mbili, ajaze kibatari, karatasi aihifadhi kwenye sanduku la nguo, kesho avuke reli kama kawaida, na hakuna aliyesema kitu, hakuna aliyekosa… "Hee, Natalia!" ni Specioza, mgeni, mikono kiunoni, anacheka, hana ubaya, "sisi tumebanwa mpaka tunataka kutaja majina ya ubatizo, huyu anapewa kimya kimya? Ya nani hiyo?" na Scolastica anamvuta upindo wa kitenge, "Acha wewe, hujui," "Sijui nini? Si niambiwe basi nijue, ya nani?" na mtu anasema, "Dada, funga mdomo," na Natalia anasema, "Specioza, mama angu, subiri," na uso wa Natalia, Mwandu anauona sasa kwa mara ya kwanza tangu taa ile, uso wa mtu aliyechoka, umekonda, anafikiri, mbona na yeye amekonda, anafikiri, na yeye aliita mara mbili na hakujibiwa, na yeye kila asubuhi anafungua dirisha la duka ikiwa imesimama pale nyuma ya kisogo chake, ya saba, wiki tano, na hakuishusha, angeweza kuilowesha karatasi akatia asali, hakuilowesha, aliitunzia zamu…

Ya nani. Swali halina ubaya. Chupa iko hewani baina ya mikono miwili, mafuta ndani yake yanayumba na kutulia, herufi ya tano imeangalia nyuma, nikikua uniite, amekua kiasi gani mtu aliyeishia miaka minane, atakua lini tena, na kona ile, Mwandu anaisikia, ulimi unakwenda kwenye kona yake ya siku zote, Mayu, ya Mayu, na hiyo haikuandikwa, kwa sheria ya ubao hiyo si jina, mwenye jina hilo hana chupa hapa… mama mkwe yuko mbali kwenye ng'ombe zake, hai, na kesho yataambiwa masikio yake, naye atasema, mkeo, Elia, kanitaja dukani, mbele ya watu, kwa sababu ya mafuta ya taa, na Mwandu anangoja woga uje, anaungoja kama alivyoungoja kila kitu wiki hizi, hauji, kinachokuja ni kitu kidogo, cha kipumbavu, mdomo wake, uliokuwa mkavu kama jiwe la kufulia tangu siku ile, unajaa mate, ghafla, hadi chini ya ulimi, anayameza, yanarudi, na Specioza anasema tena, sasa bila kicheko, karibu kwa huruma, "Ya nani, mama?" na Natalia bado hajashusha mkono, na Mwandu, bila kuigusa chupa, akiangalia ile herufi iliyogeuka, anafumbua mdomo kabla hayajakauka na kusema, si kwa nguvu, kama anayemwita mtu aliye hapo hapo nje:

"Ya Nyanzala."