Nyongeza ya Romana

"Mama Kalista, hivi mwanao wamembadilisha na nini?"

Mama Shadia, jirani wa Romana, ndiye aliyeuliza hivyo, mwaka ule wa tisini na sita, huku ameinama kuchagua mchele. Alikuwa amesikia kwamba chuo cha Dar es Salaam kinabadilishana wanafunzi na chuo kimoja cha Uholanzi, akataka kujua Wazungu wameleta nini. Wauza nafaka wote pale soko la Mpanda wakaangua kicheko. Romana naye alicheka, akamtupia konzi la mchele wa nyongeza juu ya kopo la sado lililokwisha kujaa, kama kawaida yake, akajibu, "Wameleta kijana wao. Nasikia ugali unamshinda."

Alicheka, lakini swali lile lilimkaa kifuani miezi sita. Kila aliposhika rozari lilikuja likakaa katikati ya Salamu Maria, na yeye akaliacha likae, Mungu alione.

Kalista akarudi salama kutoka Uholanzi, amekonda kidogo, na sweta moja zito lisilo na kazi kwenye joto la Mpanda. Alikuwa na siku nne tu. Jumatatu alitakiwa apande treni arudi Dar kumalizia andiko la shahada yake ya pili ya biashara. Asipolikabidhi mwezi ule, miaka yote miwili ilikuwa imekwenda bure.

Jumapili, watu wametoka misa, shemeji Telesphor akafika na baiskeli yake kutoka Kasekese. Huyu ni mdogo wake marehemu mume wa Romana. Tangu maziko, miaka tisa, hakuna jambo la nyumba ile lililoamuliwa bila yeye, na Romana hakuwahi kumwambia hapana. Kila alipokuja aliondoka na sado ya mchele, imerundikwa mpaka punje zinamwagika.

Alikunywa chai yake taratibu, akatoa bahasha mfukoni.

"Barua ya posa," alisema. "Ya Malale, yule mfugaji wa Majimoto. Nimeshamjibu. Wanakuja Alhamisi kumwona binti."

Romana aliitazama ile bahasha. Ilikuwa imechanwa juu. Kwao barua ya posa haifunguliwi mpaka binti aulizwe kama anamjua mwenye barua. Hii ilikuwa imefunguliwa, imesomwa na kujibiwa huko huko Kasekese.

"Alhamisi nitakuwa Dar, baba mdogo," alisema Kalista.

"Utakuwa hapa. Ng'ombe thelathini, mwanangu! Una miaka ishirini na saba, unamsubiri nani? Au huko Ulaya ndiko wamekufundisha kubishana na wakubwa?"

"Hapana, baba mdogo. Ubishi nilikwenda nao kutoka hapa hapa."

Romana aliuma mdomo asicheke.

"Kuna mwalimu mmoja kule, mzee mwenye sifa kubwa," Kalista aliendelea. "Alitupa mfano wa mama wa Afrika anayeuza nafaka. Akasema yule mama haendelei kwa sababu anatoa nyongeza. Akatuambia tuifute kwenye hesabu tuone faida inavyopanda. Wenzangu wote wakafuta. Mimi nikakataa."

"Ukakataa?" Romana aliuliza. Hili hakuwa amelisikia.

"Nilisimama, mama. Kiingereza chenyewe kinanikimbia. Nikamwambia, mama yangu anauza mchele. Hebu niambie, mama, mwaka ule malori yalipokwama wiki tatu, ukakosa mzigo, wateja wako walihama?"

"Hawakuhama. Walinisubiri."

"Ndivyo nilivyomwambia. Walisubiri kwa ajili ya lile konzi. Akasema hicho kitu hakipimiki, futa. Sikufuta. Akanipa alama za chini kuliko darasa zima, na mpaka napanda ndege sikufuta. Sasa andiko langu ndilo hilo. Nitalitetea mbele ya maprofesa."

Telesphor alipiga paja akacheka. "Shahada ya konzi la mchele! Shemeji, unamsikia? Haya, mwambie mwenyewe. Maana ukimwacha apande treni kesho, mimi hapa sikanyagi tena. Hata siku ya msiba wako usinitegemee."

Romana aligeuka akamtazama Kalista. Alikuwa anamwona binti yake amesimama peke yake kati ya wageni, anamtetea yeye, mama aliyeishia darasa la saba. Na yeye, chini ya paa lake mwenyewe, miaka tisa hajasimama.

Akasimama.

"Mimi nitazikwa na jumuiya yangu ya kanisani, shemeji. Kalista, umeshafunga mizigo?"

"Bado, mama."

"Kafunge."

Kisha akaliendea gunia, akachota sado ya mchele kama siku zote. Mkono ukarundika wenyewe, kwa mazoea. Akautazama ule mrundo, halafu akapitisha kiganja juu ya mdomo wa kopo, punje zikarudi guniani. Miaka yote ya soko hakuwahi kumpimia mtu hivyo, hata walevi waliomtukana. Akaiweka sado mbele ya shemeji yake, na juu yake akailaza ile bahasha. Ikatulia pale bila kuteleza, maana mchele ulikuwa sawasawa kama meza.

"Hiyo ndiyo haki yako," alisema. "Malale mwambie binti hakuulizwa."

Telesphor aliutazama mchele. Akachukua bahasha, sado akaiacha pale pale, akatoka.

Walisikia mnyororo wa baiskeli ukilia kuelekea barabarani.