Funguo Ndani ya Friji

Asiye na mwana aeleke jiwe, walisema wahenga. Mwenye mwana asiyeonekana aeleke nini, hapo hawakusema. Mkunga alikuwa naye mwana, kitinda mimba wake, lakini tangu mzee wa nyumba azikwe alikuwa akimpata kwa simu tu, tena simu zenyewe za mguu mmoja nje: "Hujambo mama? Haya, nitakupigia."

Siku hiyo Kitinda alikuja mwenyewe. Hakuja kusalimia. Hospitali ilitaka video ya wakunga wastaafu wakisimulia kazi yao, na ofisi yake ya kupiga picha ikampangia mama yake mzazi. Mkunga hakujali kilichomleta. Alipika tangu asubuhi, chakula cha kushibisha ukoo, akaapa moyoni kwamba leo mtoto huyu atakula hapa na kulala hapa.

Kitinda aliingia na vyuma vyake vya kurekodia, akaigeuza sebule juu chini. Alimkalisha mama karibu na dirisha, mwanga umwangukie upande mmoja wa uso, na upande wa pili akasimamisha kadibodi nyeupe irudishe mwanga kidogo, asije akaonekana nusu mtu. Saa ya ukutani aliipeleka chumbani, maana mlio wake ungeingia kwenye maikrofoni. Kisha akachomoa waya wa friji, nayo isingurume, na kabla ya kuondoka jikoni akatumbukiza funguo zake ndani, pembeni ya maziwa.

"Makubwa! Funguo nazo zinaoza?"

"Ndiyo dawa ya kusahau, mama. Bila funguo siendi popote. Nikizifuata, nakumbuka kuiwasha."

Maneno hayo yalimkaa Mkunga moyoni.

Kitinda alimbana maikrofoni ndogo kwenye ukosi wa gauni, akaketi ubavuni mwa kamera. "Usiitazame kamera. Nitazame mimi."

Mkunga alimtazama mpaka akashiba. Aliona mvi kidevuni ambazo hakuna aliyempa habari zake. Akiulizwa swali fupi alijibu kwa marefu na mapana, na mwanawe akawa anaitikia kwa kichwa tu, kwa sababu hata "mmh" yake ingeharibu sauti. Alijua ni kazi. Hata hivyo ilikuwa tamu.

Mwishoni Kitinda alivaa hedifoni zake vizuri. "Sasa tunyamaze kidogo, mama. Nataka kurekodi chumba kikiwa hakina maneno, kitanisaidia kuunganisha vipande."

"Kimya cha nyumba hii? Ungeniambia, baba, ningekupa cha mwaka mzima."

Kitinda alicheka. Wakanyamaza, na Mkunga akaomba Mungu mtoto asikie. Honi ikalia nje.

"Dereva huyo. Gari langu liko kwa fundi, nimekuja na la ofisi."

"Na chakula?"

"Siku nyingine, mama."

Alikusanya vyuma mbio mbio, akampa mkono, akaenda zake.

Mkunga alipoingia jikoni alikuta friji iko kimya. Aliifungua. Funguo za nyumba ya mwanawe zilikuwa pale pale, pembeni ya maziwa. Bila funguo siendi popote! Moyo ulimruka kwa furaha. Hakupiga simu, na friji hakuiwasha. Alipasha chakula moto, akatandika kitanda, akakaa kwenye kiti kile cha dirishani, macho barabarani.

Simu iliita giza likiingia.

"Mama, kumbe nimesahau funguo kwenye friji?"

"Zipo, baba. Na chakula kiko moto."

"Aa, usihangaike. Jirani ana za akiba, nimeshaingia ndani. Washa tu friji, maziwa yasiharibike."

"Haya, baba."

Aliichomeka. Friji ikaanza kunguruma, akashukuru kwamba angalau kuna kitu kinasema. Akazitoa funguo aziweke mezani, akasimama nazo mkononi. Kisha akafungua friji, akazirudisha pembeni ya maziwa.