Zulia la Futi Tisa kwa Kumi na Mbili

Jumamosi asubuhi, baada ya kumaliza kukunja pindo la suruali ya mteja, mjane aliondoa kitanda juu ya zulia, akaondoa cherehani, sanduku na kiti, akalikunja zulia na kuliburura hadi uani. Lilikuwa zulia la sufu, jekundu, futi tisa kwa kumi na mbili, zito kama mtu aliyelala fofofo. Alilitundika ukutani akalichapa kwa fimbo, upande wa nyuma kwanza, maana vumbi la sufu hujificha chini. Kisha alilitandaza kwenye saruji, akatia sabuni kidogo katika ndoo ya maji ya baridi, akachukua brashi laini.

Ilibidi lifuliwe. Shemeji yake mkubwa, mwalimu mstaafu wa hesabu, alikuja juzi kulipima akalimwagia chai. Ilikuwa bahati mbaya, na aliomba radhi mara tatu.

Zulia hilo ndilo lililokuwa makao yake tangu mumewe afariki. Kikao cha ukoo kilikaa siku moja tu, kikanywa soda, kikaamua kwamba nyumba ni ya ukoo kwa kuwa hakuna karatasi inayosema vinginevyo. Lakini mjane asifukuzwe, huo si ubinadamu. Atakaa zulia lilipo, na ukubwa wa zulia ndio ukubwa wa haki yake. Sharti lilikuwa moja, lisikae chafu, kwa kuwa zulia nalo ni mali ya ukoo. Watu walisifu sana busara ya kikao. Wifi yake alihamia sehemu iliyobaki wiki ileile, yeye na friji lake.

Kichekesho, kama ni kichekesho, ni kwamba marehemu alikuwa karani wa ofisi ya ardhi kwa miaka ishirini na sita. Hati za nusu ya mji zilipita chini ya muhuri wake. Kinyozi hajinyoi, ndivyo walivyosema waombolezaji, na wakaenda zao.

Mjane alisugua kwa kufuata ulalo wa nyuzi, kutoka pembeni kwenda katikati. Alipofika mahali mumewe alipokuwa akinyoosha miguu kila jioni, brashi ikagota kitu. Lilikuwa bega. Alipunguza nguvu ya mkono, akasugua shingo, akasugua kichwa, na mumewe akainuka akaketi katikati ya povu, kavaa fulana ileile aliyofia.

"Wewe mwanamke, maji ya baridi namna hii! Unataka kuniua?"

"Umeshakufa."

"Hata kama!"

Alitaka kusema zaidi lakini kikohozi kilimbana. Kifua ndicho kilichomwua, na maji ya baridi yalikiamsha upya. Mjane alimuuliza hati ya nyumba iko wapi, akakohoa. Alimuuliza kama aliandika japo kijikaratasi, akakohoa. Zulia lilipoanza kukauka kuanzia pembeni, naye alianza kukauka kuanzia miguuni, na alasiri palibaki zulia safi na brashi. Mjane alikaa chini akalia. Kisha akalirudisha zulia ndani, akapanga juu yake kitanda, cherehani, sanduku na kiti.

Jumamosi iliyofuata alichemsha maji.

Jirani yake, dobi wa miaka mingi, aliuona moshi akachungulia juu ya ukuta. "Shoga, sufu na maji ya moto haviivi chungu kimoja. Litanywea hilo."

"Vuguvugu tu."

"Vuguvugu ni moto wenye haya. Tumia ya baridi."

"Ya baridi yanamkohoza."

Dobi alisonya, si kwa ubaya. "Haya, moyo ni wako. Nisalimie huyo bwana."

Katika maji ya vuguvugu mumewe aliinuka bila kukohoa hata mara moja. Aliuliza baiskeli yake ameichukua nani. Alisema mjane amekonda. Mjane alitaka kumfunika taulo mabegani, akakumbuka kwamba taulo litamkausha, akaliweka chini.

"Hati," alisema.

Mumewe alitazama mikono yake. "Nilikuwa niiandike Jumatatu."

"Ukafa Jumapili."

"Nikafa Jumapili."

"Miaka ishirini na sita, bwana wewe! Kila siku kesho, kila siku kesho. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na tumbo lenyewe ni langu!"

"Nisamehe, mke wangu."

Mjane alikuwa ameisubiri hasira hiyo kwa miezi minane, akidhani ikitoka atapata nafuu. Ilitoka, na nafuu hakuipata. Alimwita shemeji mkubwa.

Shemeji alikuja haraka, akavua viatu kwa sababu zulia lilikuwa bichi. Alimpa marehemu pole ya safari. Marehemu alimwamkia kaka yake, akanyooka, akasema kwa sauti ya ofisini kwamba nyumba ile waliijenga wawili, yeye na mkewe, tofali kwa tofali, na kwamba ni ya mkewe.

"Nimekusikia, mdogo wangu," alisema shemeji, "na nakuamini. Wewe hukuwa mwongo hata utotoni. Lakini mali bila daftari hupotea bila habari. Nikirudi kwenye kikao na maneno matupu, watanielewa? Weka sahihi tu, tumalize."

Alitoa karatasi mfukoni. Marehemu alishika kalamu, na wino ukachuruzika hadi kwenye povu. Walijaribu penseli, karatasi ikachanika. Marehemu alikandamiza dole gumba katikati ya karatasi ya tatu, ikabaki alama ya maji, mistari yote ikionekana. Shemeji alikuwa mtu wa haki. Aliishika karatasi ile kwa ncha za vidole, akakaa nayo kivulini zaidi ya saa nzima, mpaka ikakauka ikawa nyeupe pe. Marehemu naye alikuwa ameshakauka.

"Hakuna kitu, shemeji," alisema yule mwalimu kwa huzuni ya kweli.

Kisha akaazima tepu ya mjane, ile ya kupimia viuno vya wateja, akalipima zulia. Lilikuwa futi nane kwa kumi na moja. Aliliandika hilo. Wifi alitoka ndani, akasema pole, akasogeza friji lake futi moja.

Tangu hapo mjane alifua kila Jumamosi. Mwanzoni alisema anatafuta njia: mara chaki, mara mkaa, mara uzi, akimwambia mumewe ashone jina lake kwenye kitambaa, lakini uzi ulifumuka ulipokauka. Baadaye hakusema anatafuta nini. Alikaa kando ya zulia akishona, mumewe akimsomea vipimo, wakibishana kuhusu mambo ya zamani. Alijua anajipunguza kwa mikono yake mwenyewe. Alimpenda, basi, na hilo halina dawa.

Kitanda kilikuwa cha kwanza kukosa nafasi. Mguu mmoja ulitoka nje ya zulia kwa inchi nne, na wifi akauliza kwa upole kama huo mguu una ruhusa. Baadaye likaondoka sanduku, kisha cherehani, ambayo dobi aliihifadhi kwake. Ilipofika miezi mitano, zulia lilikuwa futi mbili kwa tatu, gumu na nene, na juu yake kilitosha kiti kimoja. Mjane alilala ameketi. Friji lilinguruma karibu na goti lake.

Mumewe alipoinuka mara ya mwisho hakuwa na pa kuweka miguu. Aliyakumbatia magoti akatazama kipande kilichobaki.

"Usinifue tena," alisema. "Ukinifua tena, huna pa kukaa."

"Na wewe?"

"Mimi nimeshakufa. Si ulisema mwenyewe?"

Mjane alimshika mkono mpaka ukakauka ndani ya mkono wake. Aliahidi. Jumamosi ya kwanza ikapita, ya pili ikapita. Ya tatu alitoka uani akaiangalia ndoo, akarudi kwenye kiti chake. Dobi alimpongeza juu ya ukuta.

Mwisho wa mwezi shemeji mkubwa alikuja kupima. Wifi alimtilia chai. Shemeji alipoinama na tepu, kikombe kilipinduka, chai yote ikamwagika juu ya zulia. Aliomba radhi mara tatu. Alitoa leso akafuta, na doa likazidi kutanuka.

"Lakini sharti unalijua, shemeji," alisema, akitazama pembeni.

"Nalijua."

"Tumia maji ya baridi. Sisi hatukutakii mabaya. Ya baridi hayapunguzi kitu."

"Ahsante, shemeji."

Mjane alikunja zulia, ambalo sasa lilienea kwapani, akatoka nalo uani. Aliegemeza kiti chake kwenye ukuta wa dobi. Alichota maji bombani, akatumbukiza mkono. Yalikuwa ya baridi hasa, ya kuuma mifupa. Kisha akayamimina kwenye sufuria na kuwasha moto, na yalipokuwa tayari akayaonja kwa kiwiko, kama anayetaka kumwogesha mtoto. Yalikuwa ya vuguvugu, hayawezi kumkohoza.