Gari Lisilotakiwa Kuisha

Komanda Jacques hakumkataza kaka yangu kutengeneza gari lile. Alimwamuru alimalize. Ndipo tulipoanza kuliogopa.

Kabla ya hapo lilikuwa gari tu, refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Kaka yangu Bertin alilitoa kwenye picha ya rangi iliyochanwa katika gazeti moja la Kifaransa: gari jekundu la mashindano, la zamani sana, lenye pua ndefu, magurudumu membamba yaliyojaa njiti, halina paa wala milango, na dereva wake anakaa wazi kwenye upepo. Baba yetu, Papa Norbert, alikuwa fundi wa magari kule Baraka, mji ulio kando ya ziwa. Vita vilipofika ziwani gereji yake iliungua, tukapanda milima hadi Fizi na sanduku moja la vifaa. Picha ile ilikuwa imebandikwa ndani ya kifuniko cha sanduku hilo. Mama hakuyaona hayo, alikuwa amefariki kabla.

Watoto wa kwetu hutengeneza magari ya nyaya na kuyasukuma barabarani. Bertin hakuwa mtoto, na lile halikuwa la kusukuma. Aliipima picha kwa rula, akakadiria gurudumu la kweli lilikuwa na kimo gani, kisha akapunguza kila kitu kwa kipimo kimoja, kuanzia usukani hadi vichwa vya misumari. Bodi aliigonga kwa bati la kopo la mafuta ya msaada juu ya kalibu ya mti. Lehemu aliikwangua kwenye redio mbovu. Mipira aliikata kwenye kandambili, na mkanda wa ngozi unaofunga boneti ulikuwa wa saa ya Papa, iliyokwisha kufa. Boneti ilifunguka, na ndani mlikuwa na injini yenye pistoni zinazopanda na kushuka ukizungusha gurudumu.

Njiti zilikuwa kazi yangu. Tulifumua kebo ya klachi ya pikipiki, tukapata nyuzi za chuma nyembamba kama unywele. Mimi husuka nywele za watu, na vidole vyangu vina subira kuliko moyo wangu. Nilizifunga moja moja, zikipishana kama zilivyopishana pichani. Shule niliyofundisha ilikuwa imefungwa, diploma yangu iko chini ya godoro, na nilishukuru kupata kitu cha kusahihisha. Hata rangi nyekundu ilitoka kwangu: vernis ya kucha, vichupa vyangu vyote.

Fizi wakati huo ilikuwa mikononi mwa wapiganaji wa milimani, na Baraka mikononi mwa adui zao. Kijana aliyeshuka alikamatwa huko chini kama mpelelezi. Aliyebaki alingoja kuitwa huku juu. Wapiganaji wetu walioga maji ya dawa ili risasi zisiwaingie, na dawa ilikuwa na masharti yake. Hawakushikana mikono na mtu. Kitu cha kuwapa ulikiweka chini, wao wakakiokota. Na chochote kilichoguswa na mwanamke aliye katika siku zake, kiwe chakula au chombo, kiliivunja dawa ya mwenye kukishika. Mtaani kwetu kila mwanamke alilijua hilo. Ukiwa katika siku hizo hukuwauzia mihogo, hukuwatekea maji. Hakuna aliyetuuliza kama tunaamini. Tuliulizwa tu tuko siku gani.

Komanda Jacques, mkuu wa wapiganaji hao, alipita kwetu mchana mmoja akitafuta mafuta ya kulainishia bunduki. Akaliona gari likiwa juu ya benchi, likiwa bado bati tupu. Akachuchumaa.

"Nani njo alitengeneza hii?"

"Mi, Komanda," alisema Bertin.

Alibonyeza kifungio cha boneti kwa ncha ya kijiti. Tak. Akakifunga, akabonyeza tena. Tak.

"Resori ulitosha wapi?" Alimaanisha springi ya kifungio, imetolewa wapi.

"Mu bic, Komanda. Bic ya kuandikia."

"Mu bic!" Akawageukia vijana wake. "Munasikia? Muntu anatosha resori mu bic, na inalia sawa bunduki. Siye tuko na bunduki zenye hazilie hata!"

Vijana walicheka. Mmoja wao alikuwa Eddy, mwana wa jirani yetu Mama Félicité, kijana aliyekuwa akitumwa kwetu kuomba chumvi.

"Komanda, ile ni mchezo tu," Papa alisema. "Mutoto anacheza."

"Papa Norbert, mutoto gani iko na ndevu?"

Wakacheka tena. Mimi sikucheka. "Kaka yangu ni fundi wa bati," nilisema. "Hajawahi kushika silaha."

"Na huyu njo nani? Anasema sawa redio ya Dar!"

"Dada yangu Doro," Bertin alijibu. "Iko na diplome."

"Diplome ikae." Komanda alisimama. "Maliza gari, kijana. Yote, na bintu ya ndani. Ikiisha itapanda ku kambi, na weye utapanda nayo. Tuko na kazi ya resori kule."

Tuliijua kazi hiyo. Fundi baiskeli wa njia ya Lulimba aliitwa hivyo hivyo. Alirudi na kiganja kisicho na vidole, risasi ilimlipukia alipokuwa akiinyoosha bunduki mbovu, na watu walimwambia ana bahati, kwa kuwa alirudi.

Tangu hapo kila siku ya soko walikuja vijana wawili, wakachungulia benchi, wakauliza, "Kumebakia nini?" Bertin akawajibu kweli. Kumebakia kioo ya mbele. Kumebakia bomba ya moshi. Kumebakia namba. Nilitamani kumziba mdomo.

"Haribu," nilimwambia. "Pinda ekseli. Bandika bomba upande. Akija aone takataka, akuache."

"Nilijaribu, Doro."

"Lini?"

"Asubuhi. Bomba niliipinda."

Nikalitazama bomba. Lilikuwa limenyooka kama mstari.

"Ulipoenda kisimani nikainyoosha," alisema, akatazama chini. "Mukono unakataa."

"Mkono au wewe?"

"Sijui. Nikiona kitu imepinda siwezi kulala."

Nilimtukana. Nilimwita maneno ambayo sitayaandika. Kisha nikaketi karibu naye nikashika koleo, kwa sababu gurudumu la nyuma lilikuwa na njiti iliyolegea, na mimi pia ilikuwa inanikera. Ndivyo tulivyokuwa sisi wawili: tulikijua kitakachompata siku gari litakapoisha, na bado tulibishana kama duara jeupe la namba limekaa katikati.

Liliisha. Bertin alioga, akavaa shati lake la kanisani, akafunga nguo zake katika kitambaa. Papa alikaa mlangoni. Komanda Jacques alikuja mwenyewe asubuhi ya soko, na vijana wake, na mzee wao wa dawa waliyemwita Docteur. Majirani wakakusanyika. Mama Félicité alikuja kumtazama mwanawe. Shemasi Albert wa kanisa letu alisimama na Biblia kwapani kama mtu aliyeitwa msibani mapema mno.

Bertin aliliweka gari juu ya mkeka, akarudi nyuma. Komanda akaliokota.

Lilikuwa zuri. Nasema hivyo na ningalisema mbele ya yeyote. Jua liliteleza juu ya ile rangi hadi mkiani. Komanda aliupinda usukani kwa ukucha, magurudumu ya mbele yakageuka nao. Alipitisha kidole kwenye njiti zangu, zikalia kidogo. Akampa kijana wa kwanza, naye akampa wa pili. Eddy aliliinua juu ya kichwa chake, akacheza akinguruma kwa mdomo, na mama yake akapiga vigelegele. Walilishika wote.

"Haya," alisema Komanda. "Twende, fundi."

Bertin akainama kuchukua mzigo wake. Alipoinama niliona kisogo chake, kimenyolewa vizuri, kama cha mtoto anayekwenda shule.

"Komanda," nilisema. "Njiti ya ile mapine, si yeye alifunga."

"Nani basi?"

"Mi."

"Na kisha?"

Sikutaka Kiswahili cha redio wakati ule. Nilitaka kile ambacho hata mtoto wao mdogo angekielewa mara moja.

"Mi munamuke nilifunga njiti, moja moja. Rangi ni vernis ya kucha yangu. Na siku zenye nilikuwa nafunga, nilikuwa mu mwezi."

Papa alifumba macho. Binti hatamki neno hilo mbele ya baba yake, na mimi nilikuwa nimelitamka mbele ya mtaa mzima.

Gari lilianguka. Eddy aliachia mikono, akaitazama kama imeungua.

"Unasema nini?" Komanda aliuliza polepole.

"Nimesema. Hata leo niko mu mwezi." Nikamnyooshea mikono yote miwili, nikamsogelea. "Karibia, ukamate huyu mukono."

Alirudi nyuma. Mtu ambaye Fizi nzima ilimwepuka alirudi nyuma, akajikwaa kwenye mkeka wetu, na hilo ndilo lililomtia hasira kuliko dawa. Akainua bunduki. Docteur aliusukuma mtutu wake chini kwa fimbo.

"Unataka damu yake ikuguse?" mzee alisema. "Iko nayo mingi ya kutosha."

"Na ndugu yake?"

"Banakula ku chungu moja. Nyumba yote iko muchafu. Acha."

Walishuka njiani bila kugusana, kila mmoja na mikono yake mbali na mwili. Niliwasikia wakianza kugombana kabla hawajafika barabarani.

Njiti nilizifunga mimi, hilo ni kweli. Mwezi ulikuwa uongo, siku ile na zile nyingine. Nimeuandika hapa, na hapa si Fizi; kule sikuwahi kuukiri.

Docteur alitaka vijana wapande kambini, waogeshwe upya, na mtu yeyote asipigane kabla ya hapo. Lakini habari ikaja kwamba askari wa Baraka wanapanda kutoka upande wa ziwa, na Komanda Jacques hakungoja maji. Akawatuma walewale. Wanasema walikimbia kwa woga tangu risasi ya kwanza, wakijua hawana kinga, na walipigwa migongoni. Eddy hakurudi. Wengine pia.

Mama Félicité alikuja kwetu na Shemasi Albert. Alikuwa amejifunga kitenge kiunoni kwa kamba, kama wafiwa wanavyofanya kwetu. Nilimpa kiti. Hakukaa.

"Doro," alisema, "Eddy alikuwa anakuita yaya, dada yake mukubwa. Ulimuona na ile gari ku kichwa. Ulimuacha aikamate."

"Nilimwona, Mama."

"Docteur anasema iko njia," Shemasi alisema. "Uje na kuku mweupe, useme pardon mbele ya watu wote. Ataosha nyumba yenu, mambo itaisha. Tutakaa sawa zamani."

"Na nyumba ikisha kuoshwa," niliuliza, "Bertin atakuwa safi?"

Shemasi akamtazama Papa. Papa akatazama ukuta.

"Atakuwa safi," Shemasi alisema.

"Na Komanda atamwita."

"Ile ni mambo ya Komanda. Siye tunasema ya pardon."

Uani, Bertin alikuwa akigonga sufuria ya mtu, kwa nyundo ndogo, polepole. Mama Félicité alisikiliza pamoja nami. Nilijua anachofikiri: kwamba mwana wa mwenzake bado anapiga kelele na wa kwake amenyamaza. Nilitaka kumshika mkono, lakini sasa mtaani kwetu hakuna mtu aliyekubali kuguswa na mimi. Hata Papa alikuwa anangoja niweke sahani chini ndipo aichukue.

"Mwanangu," Mama Félicité alisema. "Neno moja tu. Ni neno moja. Weye uko na maneno mingi."

"Eddy nitamlilia pamoja nawe, Mama, siku yoyote utakayoniita."

"Sikuiti ulie. Nimekuja uombe pardon."

"Hiyo siombi."

"Hata ku Mungu?" Shemasi aliuliza.

"Hata kwa Mungu. Siombi."