Baraka Iliyochukuliwa Metz

Bulonza alikuwa mtu wa kujiandaa. Pale Louisville, alikoendesha foklifti kwenye ghala, alizisoma sheria za barabara za Ulaya kama mtoto anayesoma katekisimu. Alichukua leseni ya pikipiki, kisha kibali cha kimataifa. Alinunua glavu zenye alama wanayoitaka Wafaransa, viatu vya kufunika vifundo vya miguu kwa ajili ya Ubelgiji, na kizibao cha kung'aa gizani. Mkewe Leya alicheka: "Unaenda kumwona mama yako, ama unaenda vitani?"

Alikuwa anaenda kumwona mama. Vita vya Kivu viliwatawanya. Bulonza akapitia kambini hadi Amerika, mama akaishia Metz, Ufaransa, kwa binti yake Clémence. Tangu hapo walisikiana kwenye simu tu. Sasa mama alikuwa hoi, na macho yake yalikuwa yameingia ukungu.

Wazo la kuruka kwa ndege hadi Brussels, kisha kwenda Metz kwa pikipiki, lilikuwa la Marcellin, rafiki yake wa tangu kambini, aliyekaa Buffalo. Huyo hakujiandaa kitu. "Bon, sisi tulipakia watu watatu kwenye pikipiki moja kule Uvira, bila hata kofia," alisema. "Polisi ya Wazungu itatufundisha nini?"

Pikipiki waliazimwa na Jules, fundi Mkongo wa Brussels. Kadi na bima za pikipiki zote mbili alizitia katika bahasha moja, na Marcellin akaisukumia mkobani mwake.

"Kaka, nipe zangu," Bulonza alisema.

"Tutagawana tukisimama kula."

Hawakufika kula. Walipovuka tu mpaka wa Ufaransa wakakuta polisi wanakagua vyombo vya moto barabarani. Marcellin, aliyetangulia, akapita. Bulonza akapungiwa mkono aegeshe pembeni. Alimwona mwenzake akigeuza shingo, akamtazama sawasawa, kisha akainamia usukani na kuongeza mwendo.

Afisa hakuwa mtu mbaya. Alikagua leseni, kibali, hata glavu, akaridhika. Ndipo akaomba karatasi za pikipiki.

"Anazo mwenzangu," Bulonza alimjibu kwa Kifaransa. "Yule aliyepita. Anarudi sasa hivi."

Afisa akangoja naye. Bulonza akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena, ikawa imezimwa. Jules naye hakushika simu. Ilikuwa Jumapili, yuko kanisani. Pikipiki haikuwa na kadi wala bima ya kuonyesha, na aliyeipanda si mwenyewe. Ikazuiliwa mpaka karatasi zije, na Bulonza akapelekwa kituoni kuandika maelezo. Alipoachiwa, basi la kwenda Metz lilikuwa limeshaondoka.

Alifika kesho yake. Clémence alipofungua mlango amejifunga kitenge kichwani, macho yamevimba, Bulonza hakuhitaji kuuliza.

"Alfajiri," dada yake alisema.

Marcellin alikuwa jikoni, ameshika kikombe kwa mikono miwili. "Ndugu yangu, sikukuona nyuma. Nilijua tumepoteana, nikaja kukungoja hapa. Nilimkuta mama amelala."

Bulonza alimwona akigeuka kule barabarani, tena kwa macho yake mwenyewe. Lakini mtu aliyefiwa hana nguvu za ugomvi. Wakazika.

Mwaka uliofuata alikwenda Columbus kwa ubatizo wa mtoto wa Rakeli, dada yake Marcellin, anayekaa mtaa wa Northland. Marcellin mwenyewe hakuja. Alisema yuko kazini. Wageni walipotawanyika, Rakeli akammiminia Bulonza chai, akamwambia kwa upole:

"Mungu ni mkubwa, kaka. Angalau mama yako alikufa ametulia. Marcellin alituambia mama alivyomshika yeye mkono akimwita Bulonza, Bulonza, akambariki mpaka akachoka."

Bulonza akaweka kikombe chini.

"Hukujua?" Rakeli aliuliza, akajiziba mdomo.

Hakurudi Louisville. Alipanda pikipiki yake akashika njia ya kaskazini, mvua ikimchapa kifuani, mpaka Buffalo, mpaka nyumba ya Marcellin kule mtaa wa East Side. Marcellin alifungua mlango, akamwona, akajua.

"Kwa nini hukusimama?" Bulonza alimuuliza, wakiwa bado kizingitini.

"Sikukuwa na permis ya pikipiki. Ya gari tu. Jules hakuuliza, na mimi sikusema. Nilijua watanikamata."

"Na mama?"

"Clémence alienda farmasi. Mama akasikia viatu vyangu, akaita: Bulonza? Donc, ningesema nini? Nimwambie mtoto wake yuko polisi? Nikasema, ndiyo, mama."

"Akasema nini?"

Marcellin akatazama chini. "Maneno mengi."

"Nataka hayo maneno."

"Alisema kwa Mashi, lugha yenu, ndugu yangu. Mimi niko Mubembe. Mashi sijui hata salamu."

Bulonza alimshika kifua cha shati, halafu akamwachia. "Jaribu."

Marcellin akafumba macho. Akatamka sauti moja, akairudia vingine, akaongeza ya pili. Bulonza alitega sikio kama mtu anayesikiliza mlangoni. Huenda lilikuwa jina la babu. Huenda lilikuwa neno la mvua, au la watoto. Hakuna kilichoshikika.

"Nilimpa amani," Marcellin alisema, machozi yanamtoka. "Alicheka. Nakuapia, alicheka."

"Ulichukua chakula usichojua kukila," Bulonza akamwambia, "na mimi mwenye njaa ukaniacha barabarani."

Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuketi.

Baadaye Marcellin alituma wazee wa kanisa hadi Louisville wamwombee msamaha. Leya aliwapikia, Bulonza akawasikiliza mpaka wakamaliza, hakupaza sauti. Akawasindikiza mpaka kwenye gari lao, akawapa jibu la kupeleka Buffalo: Marcellin akilikumbuka neno moja tu la mama, likiwa zima, aje.

Hajaja.