Nafasi ya Jibi Tisa

Miezi miwili mizima kompyuta ya masjala ya mahakama ilikuwa inaomba kitu kimoja tu, na iliomba kila asubuhi bila haya: nafasi. Ukiiwasha tu, kinachomoza kile kiboksi chake cha kusema masasisho hayawezi kuwekwa, diski imejaa, tafadhali ondoa vitu. Mama Chapa alikuwa anabonyeza “Baadaye” na kuendelea na shughuli zake. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa akisikiliza sauti zilizorekodiwa mahakamani na kuzichapa kuwa mwenendo wa kesi, na kama kuna kitu alichojifunza, ni kwamba mambo mengi ukiyaambia baadaye yanakubali.

Safari hii hayakukubali. Ulikuja waraka kutoka makao makuu: kompyuta yoyote isiyo na masasisho mapya ifikapo saa nane mchana wa Ijumaa itakatwa kwenye mtandao, na ikishakatwa hakuna kesi itakayosajiliwa. Ijumaa yenyewe ndiyo hiyo. Msajili, mwanamume wa umri wa mtoto wa kwanza wa Mama Chapa ila tumbo lilishamtangulia, alikuwa ameshachungulia mlangoni mara tatu kabla ya saa nne, na kila akichungulia anauliza swali lile lile.

Fundi wa kompyuta alikaa kwenye kiti cha Mama Chapa tangu asubuhi, naye Mama Chapa akabaki kwenye stuli, miguu imemvimba, macho yanamuuma. Alikuwa amechoka. Si uchovu wa kulala ukaamka mzima, ni ule ulioingia kwenye mifupa na kupanga chumba. Alibakiza miezi minane astaafu, na alikuwa anaihesabu kama mgonjwa anavyohesabu vidonge.

Fundi alikuwa na mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi. Alimwaga takataka za kompyuta, akafuta mafaili ya muda, akakuta tamthilia nzima ambayo walinzi wa mahakama walikuwa wanaangalia wakati wa chakula, akaifuta huku akimsimulia mwisho wake. Akakuta na video ya harusi ya karani aliyehama, yenye urefu wa saa tano na nusu, akasema kuna ndoa hazifiki hapo. Zilihitajika jibi kumi na nane za nafasi kwenye diski. Baada ya vurugu zote hizo zikapatikana tisa.

“Mzigo wenyewe uko hapa, mama,” akasema, akigusa folda moja kwenye kioo. “Humu kwenye sauti zako.”

Alikuwa hakosei. Folda ile ilikuwa na rekodi za kesi zote za miaka sita. Kanuni ilikuwepo, tena nyepesi: sauti ya kesi iliyohukumiwa zaidi ya miaka miwili iliyopita inaweza kufutwa, mradi aliyeichapa asaini fomu. Diski ya nje ya kuhamishia waliiomba mwaka juzi, na barua ya maombi huenda bado inatafutiwa mtu wa kuijibu. Msajili akaleta fomu mwenyewe, ameshajaza kila kitu isipokuwa saini. Mama Chapa akavaa miwani akasoma: *Nathibitisha kuwa mwenendo uliochapwa ni kamili, neno kwa neno, na kwamba sauti hizi hazihitajiki tena.*

Akashika kalamu. Kisha akaiweka chini, akamwambia fundi akanywe chai, arudi baada ya nusu saa.

Nje ya dirisha la masjala, kwenye benchi, alikuwa amekaa mwanamke mmoja mwenye mkoba wa plastiki wa kuhifadhia karatasi. Huyu alikuwa anakuja kila mwezi. Kaka yake, aliyekuwa mlinzi wa ghala, alifungwa miaka kumi na miwili kwa wizi wa usiku mmoja, na alikuwa ameshaimaliza mitatu. Alitaka kukata rufaa ingawa muda umepita, na kwa kuwa muda umepita ilimbidi atoe sababu nzito. Sababu yake ilikuwa moja, aliyoambiwa na kaka yake: kwamba shahidi pekee aliyesema alimwona, kuli mmoja wa pale ghalani, alipoulizwa swali la mwisho mahakamani alijibu kwamba uso hakuuona. Hakimu aliyemsikia akahamishwa kabla ya hukumu. Aliyekuja kuhukumu alisoma karatasi, na kwenye karatasi, mahali pa jibu hilo, pameandikwa neno moja ndani ya mabano: *(haisikiki)*.

Mwanamke yule hakuwahi kumlaumu mtu. Alikuwa anamwita Mama Chapa dada yangu, anamuuliza hali ya miguu, anaomba waangalie tena kwenye faili huenda kuna ukurasa ulibaki. Mama Chapa alikuwa anaangalia tena, pole pole, kila mwezi, akijua kabisa hakuna ukurasa. Kisha anamwambia, hapana mdogo wangu, karatasi ndiyo hii.

Sasa alivaa hedifoni, akaitafuta namba ya kesi, akaipata bila kuhangaika. Akasogeza mpaka dakika ya arobaini. Feni inavuma, mtu anakohoa, mshtakiwa anauliza kwa sauti kubwa ya mtu anayeogopa: je, uliniona uso? Halafu sauti nyembamba ya kuli, ya chini chini, kama anaongea na viatu vyake. Mama Chapa akapandisha sauti, akarudisha nyuma, akasikiliza tena kwa masikio yote mawili.

*Uso sikuuona. Niliona koti la walinzi tu.*

Ilimchukua sekunde kumi na tano. Kilichomuumiza si maneno yale, ni kwamba hayakumshtua hata kidogo.

Alikuwa anaikumbuka siku ile vizuri mno. Mama yake mzazi alikuwa kitandani mwaka huo, wa kugeuzwa na kubebwa, na Mama Chapa alikuwa anakuja kazini ameshafanya kazi ya siku nzima. Mwenendo ulikuwa unadaiwa jioni ile. Alisikia kuli akijibu kitu, akajua akirudisha nyuma atakipata, akatazama saa ya ukutani, akatazama kurasa zilizobaki. Akaandika haisikiki. Neno halali kabisa, kila mpiga chapa analitumia, limewekwa kwa ajili ya milango inayobamizwa na mashahidi wanaolia. Yeye alilitumia kupumzika.

Tena laiti ingekuwa mara moja! Akaifungua ile folda ya mienendo aliyoichapa mwenyewe, akaiambia kompyuta imtafutie neno hilo. Kompyuta ikafikiri kidogo, ikaleta mia nne na kumi na moja. Nyingi zilikuwa za kweli, milango na vilio. Nyingine zilikuwa za mwaka wa mama. Nyingine, Mungu amsamehe, zilikuwa za Ijumaa kama Ijumaa nyingine. Zipi ni zipi hakujua, na baada ya saini ile hakuna binadamu atakayejua tena.

Fundi aliporudi, Mama Chapa alimuuliza kama flashi yake inaweza kubeba faili moja. Akasema inaweza, moja au mbili, si zaidi. Mama Chapa akanyoosha mkono kuipokea. Ilikuwa njia nzuri ajabu. Anamwokoa mlinzi wa ghala, anaipeleka sauti kimya kimya, anasema ilikuwa imepotea imepatikana, wanamshukuru na machozi juu. Zile nyingine zinafutika, masasisho yanaingia, anastaafu na keki. Aliishika flashi ile mpaka ikapata joto la kiganja.

Kisha akamrudishia, akaenda ofisini kwa msajili na fomu mkononi.

Alimweleza yote, kwa kifupi, amesimama. Msajili kwanza hakuelewa, halafu akaelewa, akaenda kufunga mlango. Akamwambia kwamba kila mtu huchoka, kwamba hata yeye kuna mafaili alipitisha macho juu juu, kwamba kesi zilishakwisha na watu walishazoea. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na saa nane inamkimbilia na wakubwa wanaopiga simu. Alimsihi kwa adabu, kama anavyomsihi mama yake anywe dawa.

“Mama, umebakiza miezi mingapi?”

“Minane.”

“Ukisema hili, unga wako umemwagika, unajua? Watafungua uchunguzi, watakusimamisha, hata kiinua mgongo kitashikiliwa. Kwa neno moja.”

“Ni mia nne na kumi na moja.”

“Basi hiyo ndiyo sababu ya kusaini.” Akamsogezea kalamu. “Saini, mama, ukapumzike.”

Neno hilo nusura limmalize. Kupumzika! Hakuna kitu alichokitaka zaidi duniani, na kilikuwa pale, upana wa saini moja. Alikaa kwenye kiti, akachukua kalamu, akainama. Kwenye mstari wa saini akaandika jina lake lote, kwa mwandiko wa shule. Halafu juu yake akalikata neno *kamili*, akaandika *si kamili, nilichoka nikaruka, sauti zisifutwe*, akatia tarehe.

Msajili aliisoma karatasi ile mara mbili. Hakugomba. Alisema tu kwamba itabidi aipeleke mbele kama ilivyo, na kwamba anasikitika, na Mama Chapa akamwambia hata yeye anasikitika.

Saa nane ilipogonga, mtandao ukakatika. Kelele zikaanza dirishani, wakili mmoja akigonga kioo kwa pete yake, karani akijitetea kwamba si yeye. Fundi alikuwa ameshafungasha begi. Alimwambia Mama Chapa kompyuta itaendelea kucheza sauti hata bila mtandao, sauti zenyewe ziko salama mradi mtu asiziguse, ila masasisho hayaingii ng’o. Kisha akampa pole na mkono, akaondoka bila kusimulia kitu, jambo ambalo lilikuwa geni kwake.

Mama Chapa akatoka nje. Kutoka mlango wa masjala mpaka kwenye benchi ni hatua saba au nane. Mwanamke mwenye mkoba wa plastiki alimwona, akasogea kumpisha nafasi, akamuuliza miguu inaendeleaje.

Mama Chapa akakaa. Hakuanza na pole wala na mama yake aliyekuwa mgonjwa. Maneno hayo yote alikuwa nayo, ameyapanga, akayaacha.

“Kaka yako alisema kweli,” akamwambia. “Yule shahidi alijibu kwamba uso hakuuona. Sauti ipo, inasikika. Mimi ndiye sikuiandika.”

Mwanamke yule hakulia. Alikunja mkoba wake mara mbili juu ya mapaja, akaukunjua tena, akawa anatazama watu wanaogombana dirishani. Swali lake lilipokuja lilikuja taratibu, bila hasira.

“Umejua lini, dada?”

Angeweza kusema leo. Leo ndiyo alisikiliza, leo saa nne na nusu, na fundi angekuwa shahidi. Lingekuwa jibu la kweli nusu nzima, na yule mwanamke angelipokea, pengine hata angemshika mkono.

“Siku ile ile nilipoliruka jibu lake,” Mama Chapa akasema. “Kila ulipokuja, nilikuwa najua.”