Maji ya Udhu na Miche ya Mikorosho

Nina digrii ya kilimo, na mtu akiniuliza tena kama nilikwenda Morogoro kujifunza kushika jembe, nitamjibu vibaya. Hapa Newala kila mtu kazaliwa kwenye mikorosho, basi kila mtu profesa. Baba yangu, Mzee Mahmudu, ndiye mkuu wao. Nilipokuwa chuo alijisifu msikitini kwamba binti yake Zabibu yuko chuo kikuu. Wakimuuliza anasomea nini, anakohoa.

Nilirudi, nikaomba kazi serikalini, nikasubiri mpaka nikachoka. Baba akaamua niende Masasi nikauze duka la vitenge la mjomba Yunusi. Kuuza vitenge si aibu, ila mimi nilisomea miti.

Bahati nikakutana na Mama Basil, mwenyekiti wa kikundi cha wakulima kule Masasi. Mikorosho yao imezeeka, wanataka miche ya kubebeshwa, ile unayopachika kikonyo cha mti unaozaa sana juu ya mche mchanga. Akaniambia waziwazi kwamba mvua zikianza nikiwa na miche hai, nitakuwa bibi shamba wao, kwa mshahara. Nisipokuwa nayo, watatafuta mwingine.

“Vyeti tumeviona vingi, mwanangu,” alisema. “Tuoneshe miche.”

Nikajaza udongo kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kuoteshea, nikavipanga safu kwa safu nyuma ya nyumba, nikaezeka kichanja cha nyasi juu yake. Mbegu zikaota, nikabebesha. Hapo ndipo kiangazi kilipokaza, na kiangazi cha Newala hakina huruma. Maji yetu ni ya mvua, tunayaweka kwenye kisima cha uani, na ufunguo anao Baba. Nilimwomba kwa adabu zote.

“Kisima hiki cha watu,” alisema. “Miti ingoje Mungu.”

Nikamjibu kwamba Mungu kanipa na miguu. Mama alinifinya, lakini neno lilishatoka.

Basi kila siku nikawa nashuka mtoni bondeni na ndoo, napanda nayo kichwani. Wanawake wa mtoni, wengine wananizidi umri kwa mbali, wakawa wananiamkia kwa kunitania, shikamoo msomi. Nami naitikia marahaba, napita zangu. Ila ndoo haikutosha. Safu za mbele zilishiba, safu ya nyuma ikaanza kunyauka. Nililia, kwa hasira kuliko huzuni. Mama akanikumbusha taratibu kwamba mjomba Yunusi bado ananingoja. Nikafuta machozi, nikachukua ndoo, nikashuka tena.

Niliporudi ilikuwa alasiri, shingo inaniuma. Kupita uani nikaona kibao cha Baba hakipo. Kibao kile kimekaa chini ya upenu tangu sijazaliwa, ndipo anapotawadhia, na hakuna anayethubutu kukigusa. Nikazunguka nyuma ya nyumba.

Baba alikuwa amekaa katikati ya viriba vyangu, kwenye safu ya nyuma, kofia gotini na birika mkononi, anatawadha. Maji ya mikono yakaangukia mche mmoja, ya uso mche mwingine. Akasogeza kibao kidogo, akaanza mguu. Baba huyu anayetugombeza tukimwaga hata kikombe aliuosha mguu ule bila haraka yoyote, mpaka udongo wa kiriba ukalowa.

“Haya si maji ya kisima,” alisema bila kuniangalia. “Haya yameshafanya kazi yake.”

“Ndiyo, Baba.”

“Magharibi wazee wenzangu watakuja kutawadha hapa. Kila mtu na birika lake.” Akahamia mguu wa pili. “Wameniuliza miche ni ya nani. Nimewaambia ni ya binti yangu, aliyesomea kilimo.”

Neno kilimo alilisema lote, wala hakukohoa.